Mnyoo Amekufa, Chango Limebaki

Jirani yangu hapa Naguru, Uganda, huuza mukene, wale dagaa wa Ziwa Victoria. Kabla ya adhana ya alfajiri huwa ameshapanda bodaboda kuteremka Port Bell. Mitumbwi inapokaribia mwalo, yeye na wenzake hukunja leso zao wakaingia majini hadi magotini kupokea mzigo, kwa sababu anayesubiri mchangani hupata mabaki. Ameishi hivyo miaka kumi na zaidi.

Mwaka juzi alipimwa akakutwa na kichocho cha tumbo. Alimeza vidonge vya prazikwanteli, vile vikubwa vichungu, akashinda kitandani kwa kichefuchefu. Alipopimwa tena, choo kilikuwa safi. Lakini tumbo halikutulia. Siku tatu hapati choo, ya nne anakimbilia msalani mara tano. Akila matooke kidogo tu, gesi inamjaa kama ngoma. Alirudi kwenye zahanati mara tatu, na mara ya tatu akaambiwa, "Mama, huna kitu. Punguza mawazo."

Jioni hiyo alinikuta mlangoni. Kiswahili chetu ni cha kambi ya polisi, maana sote wawili tulikulia upande huo, ambako Kiswahili ndicho lugha ya amri na lugha ya watoto uani.

"Ndugu yangu," aliniambia, "wanasema sina kitu. Sasa hili chango linalonikata usiku ni nini?"

Neno hilo halikunitoka kichwani. Chango ni mnyoo wa tumboni. Chango hilohilo ni utumbo mwembamba. Na chango tena ni yale maumivu yanayosokota tumbo. Neno moja limebeba mgeni, nyumba aliyoingia, na uchungu anaouacha. Walioturithisha neno hili hawakuwa na hadubini, lakini waliona kwamba vitu hivi vitatu havitenganishwi kirahisi. Sayansi ya miaka ya karibuni inaelekea hukohuko.

Ndani ya kuta za utumbo wa binadamu mna mtandao wa mishipa ya fahamu, wenye seli za neva zaidi ya milioni 100. Umelala hasa kati ya tabaka mbili za misuli, mithili ya wavu wa mvuvi, na kila penye fundo pana kikundi cha seli. Wavu huu haungoji amri ya ubongo ili ufanye kazi. Tangu 1899, Waingereza Bayliss na Starling walionyesha kwamba utumbo uliokatiwa mawasiliano na ubongo na uti wa mgongo bado husukuma chakula: nyuma ya tonge hubana, mbele yake hulegea. Ni kama mafundi waliojipanga kwenye ngazi wakipokezana matofali. Mmoja akiondoka, matofali hurundikana mahali pake. Wakiondoka wengi, kazi husimama au huenda ovyo.

Sasa mwone mnyoo wa kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini, hupenya ngozi ya aliyeingia ziwani, husafiri ndani ya damu, na wakishakua hukaa wawiliwawili, dume na jike, katika mishipa ya damu inayouzunguka utumbo. Jike hutaga mayai yapatayo 300 kwa siku, na kila yai lina mwiba ubavuni. Ili yai litoke na choo ni lazima litoboe ukuta wa utumbo. Mengi hufaulu. Mengine husombwa na damu hadi kwenye ini, na mengine hukwama ukutani humohumo. Kinga ya mwili hulizingira kila yai lililokwama, na panaota kinundu. Kinundu kikiota kwenye wavu wa neva, wavu huumia.

Jambo hili limeonekana hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2000 Onesmo Balemba na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, walichapisha matokeo ya kuchunguza utumbo wa ng'ombe wenye Schistosoma bovis, ndugu wa kichocho chetu anayeshambulia mifugo. Walikuta madhara kwenye mfumo wenyewe wa neva za utumbo, katika njia ambayo mayai hupita kutafuta mlango wa kutokea. Huko Ubelgiji, watafiti wa Antwerp waliona jambo la namna hiyo kwa panya wenye kichocho cha tumbo: vifundo vya neva vilivyoangukia ndani ya vinundu viliharibika, na mwendo wa utumbo ukabadilika. Ng'ombe si mtu, wala panya si mtu. Lakini mpango wa neva katika tumbo la ng'ombe wa Tanzania na la muuza mukene wa Naguru ni wa jamii moja.

Mahali ambapo binadamu wenyewe wamelipia kwa wazi zaidi ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1909 daktari Carlos Chagas wa Brazil alieleza ugonjwa unaobeba jina lake hadi leo, unaoletwa na kimelea Trypanosoma cruzi. Katika miaka ya 1950 Fritz Köberle, akiwa Ribeirão Preto, alikaa akihesabu seli za neva katika miili ya waliokufa kwa ugonjwa huo. Alikuta zimepungua vibaya. Umio na utumbo mpana wa wagonjwa hao ulikuwa umetanuka, umelegea kama mfuko, hauna wa kuusukumia chakula.

Uganda haina ugonjwa wa Chagas, lakini ukoo wa kimelea hicho tunaujua kwa machozi. Malale huletwa na binamu yake, na ilikuwa Entebbe, mwanzoni mwa karne iliyopita, ambako Aldo Castellani alimwona mdudu huyo katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, wakati Busoga na visiwa vya ziwa vikipoteza watu zaidi ya laki mbili. Binamu mmoja hufuata neva za kichwani, mwingine za tumboni. Aliyekwenda kichwani tulimwogopa kwa haki. Anayeharibu neva za tumboni, hata akiwa wa ukoo mwingine kama kichocho, hatumpi uzito huo, kwa sababu haui haraka.

Haki inataka niseme pia kwamba si kila mnyoo huua neva. Mwaka 2020 maabara ya Daniel Mucida katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, ilionyesha kwamba panya waliopata maambukizi ya bakteria ya salmonela walipoteza sehemu ya neva za utumbo. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba panya waliotangulia kuugua minyoo ya aina fulani walizihifadhi neva zao bakteria walipokuja baadaye, kwa kuwa seli walinzi zilikuwa zimejifunza kuzikinga. Utumbo una hekima yake. Lakini hakuna mzazi anayepaswa kumwachia mtoto minyoo kwa kutumaini hekima hiyo.

Kinachotugusa zaidi hapa ni kisa cha Bergen, Norwe. Mwaka 2004 kimelea giardia kiliingia katika maji ya bomba ya mji huo na kuwaambukiza watu zaidi ya elfu moja waliothibitishwa maabara. Miaka mitatu baadaye, katika kila 100 waliougua, 46 walikuwa na tumbo la kusokota, la kufunga au kuhara. Kwa wenzao ambao hawakuugua walikuwa 14. Miaka kumi baadaye pengo hilo lilikuwa bado lipo. Hawa ni watu wa mji tajiri, wenye daktari na dawa. Kama tumbo la Bergen hukumbuka kwa miaka kumi, la Naguru lisilopumzika kati ya maambukizi mamoja na mengine litasahau lini?

Ndiyo sababu maneno "huna kitu" yaniuma. Kwanza, kipimo kimoja cha choo huchukua punje ndogo tu, na mayai machache hupita bila kuonekana. Mgonjwa anayeendelea kuumwa anastahili kupimwa tena kwa siku tofauti. Pili, prazikwanteli huua minyoo wakubwa, si wachanga, na haiyaondoi mayai yaliyokwisha kukwama ukutani. Tatu, hata mwili ukisafika, wavu ulioraruka hausukwi upya kwa kidonge. Mgonjwa huyo bado anahitaji kutibiwa: apangiwe mlo, apewe dawa za kutuliza msokoto, afuatiliwe. Na akiona damu chooni, akitapika damu, au akikonda bila sababu, asikae nyumbani na dawa ya mitishamba ya mululuza. Aende hospitali ya rufaa, na sisi wa Naguru tunayo jirani tangu 2012.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikadiria kwamba karibu robo ya watu wa Uganda wana kichocho, na watoto wa miaka miwili hadi minne ndio walioathirika zaidi. Hao ndio hubebwa mgongoni hadi mwaloni na kuogeshwa palepale, kisha hukosa dawa inayogawiwa shuleni kwa kuwa hawajaanza shule.

Naguru ni kilima. Juu kuna nyua zenye maua na matangi ya maji. Chini, katika mtaa wa Go-Down, familia kadhaa hugawana choo kimoja cha shimo. Mvua ikinyesha, yaliyomo katika baadhi ya vyoo huingia mtaroni na kushuka na maji bondeni kuelekea ziwani. Huko mayai hupasuka na konokono wapo. Asubuhi yake wauza mukene hukunja leso na kuingia. Anayetaka kuziokoa neva za tumbo aanze na choo kinachofungika, na gati ambalo mwanamke anaweza kupokea mzigo wake akiwa mkavu. Dawa ifuate hapo, kila mwaka, bila kukosa.

Jirani yangu amenunua gambuti. Maji ya mwaloni wakati mwingine huzipita shingo, basi siku hizo hulipa kijana amtolee mzigo, na faida hupungua. Binti yake wa miaka sita, aliyezoea kumfuata majini akichezea povu la mitumbwi, sasa huachwa mchangani akilinda karai. Usiku chango bado humkata mama yake. Lakini binti, nilipomuuliza juzi kama tumbo linamuuma, alinitazama kwa mshangao wa mtoto asiyejua nauliza nini.