Kutoka Mpanda Kwenda Ziwani: Jinsi ya Kuchagua Njia

Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya safari ambayo watu wengi wa Mpanda huifanya, na wengi zaidi hutamani kuifanya, yaani safari ya kwenda katika vijiji na visiwa vya Ziwa la Tanganyika. Mtu akiitazama ramani iliyotundikwa ukutani mwa darasa, huona kuwa Mpanda na ziwa vimekaribiana sana, upana wa vidole viwili tu. Kwa hiyo mgeni hufikiri kwamba akiisha kufika Mpanda amekwisha kufika ziwani. Walakini ramani haionyeshi matope, wala haionyeshi upepo, na hayo mawili ndiyo yenye amri katika safari hii.

Kwanza yafaa kulifahamu umbo la nchi yenyewe. Ziwa hili limo ndani ya bonde lililopasuka tangu zamani sana. Urefu wake, kutoka Burundi hata Zambia, ni kama kilometa 670, na kina chake hufika karibu meta 1,470. Duniani pote hakuna ziwa lililokwenda chini kupita hili ila Baikal la Urusi. Kingo za bonde hilo ni milima, na mahali pengi milima hiyo hushuka hata majini pasibaki nafasi ya kupitisha gari. Ndiyo maana hakuna barabara moja inayofuata pwani yote ya upande wetu kutoka Kigoma hata Kasanga. Huko Mahale, penye kilele cha Nkungwe, hifadhi ya taifa iliyowekwa mwaka 1985 haina barabara ndani yake. Watu hufika kwa chombo cha majini, na wakiisha kufika hutembea kwa miguu. Kijiji kimoja chaweza kuwa nyuma ya mlima mmoja tu kutoka kijiji cha pili, na njia ya kufika huko ikawa ni kuzunguka siku nzima. Kwa sababu hiyo mimi hupenda kuwaambia wanafunzi kwamba pwani ya Tanganyika ni safu ya visiwa, ingawa vingi katika visiwa hivyo vimeshikamana na nchi kavu.

Basi swali la kwanza si, "Nipande nini?" Swali ni, "Nakwenda kisiwa gani?" Aendaye Karema, aendaye Kalya na aendaye Kipili wote husema kwamba wanakwenda ziwani, lakini safari zao ni tatu mbalimbali, na ushauri mwema kwa mmoja waweza kumpoteza mwenzake.

Shida hii ya kuchagua si ya leo. Mwaka 1879 Wabelgiji waliotumwa na chama cha Mfalme Leopold walijenga boma lao Karema. Vitu vyao vyote vilitoka pwani ya bahari vichwani mwa wapagazi, safari ya miezi. Mfalme akapata shauri jipya. Akaleta tembo wanne waliofunzwa kazi Bara Hindi, wakashushwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, mwaka ule ule, ili wachukue mizigo kwa miguu yao hata ziwani. Ilitumainiwa kwamba tembo hatadhurika na mbung'o kama wadhurikavyo ng'ombe na farasi. Shauri halikuwa la kipumbavu. Lakini nchi ilikuwa ndefu na jua kali. Wengine wakafa njiani, na hata yule aliyefika Karema hakudumu. Mwaka 1880 Carter, aliyekuwa kiongozi wa safari ya tembo, akauawa pamoja na mwenzake Cadenhead huko Mpimbwe, kwa kuwa waliingia katikati ya vita visivyokuwa vyao. Habari ya tembo ikaishia hapo. Watoto wa Mpimbwe wapitao shambani siku hizi hawajui kwamba jaribio kubwa namna hiyo lilikomea katika nchi yao.

Boma lenyewe nalo lina kisa. Lilijengwa karibu na maji. Lakini miaka ile ile Mto Lukuga, ulioko ng'ambo ya Kongo, ulikuwa umefungua kinywa chake kilichozibwa na mchanga na majani, maji ya ziwa yakatoka kwa wingi, ziwa likapungua meta nyingi, na boma likaachwa mbali na pwani. Katika miaka ya 2020 ziwa limefanya kinyume: limepanda, likaingia katika magati na nyumba za watu kule Kigoma, Kalemie na Bujumbura. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba chombo hutia nanga chini ya mwembe fulani, muulize ni mwaka gani alipouona mwembe huo.

Sasa natuzitazame njia zenyewe. Njia fupi ni barabara iteremkayo kutoka Mpanda kwenda Ikola na Karema, kilometa zinazopita 100 kidogo. Mpanda iko zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, na uso wa ziwa ni kama meta 773. Basi gari hushuka, na palipo na mteremko na udongo, masika hayana huruma. Wakati wa kiangazi msafiri aondokaye asubuhi hufika mchana. Kuanzia Novemba hata Aprili, lori moja likikwama mteremkoni, magari yote yaliyo nyuma yake hulala hapo, na abiria hujifunza majina ya jirani zao. Bandari mpya iliyojengwa Karema katika miaka ya karibuni, kwa ajili ya biashara na Kalemie na Moba upande wa Kongo, imewaongezea watu sababu ya kuishika njia hii.

Aendaye Kipili au Kirando, au visiwa vya Ulwile na Lupita vilivyo mbele ya Kipili, asishuke Karema akidhani kwamba atafuata pwani kwenda kusini kwa gari. Yeye hufuata barabara kuu ya Sumbawanga, hupita Sitalike na Hifadhi ya Katavi, huingia nchi ya Nkasi, kisha hupinda kuteremka kwa njia ya Namanyere. Ni mbali zaidi kwa kilometa, lakini sehemu kubwa ya njia ni barabara njema, na maji atakayoyavuka mwisho ni machache. Hesabu ya kilometa peke yake huwadanganya wengi.

Kuna na gari la moshi. Reli ya kutoka Kaliua hata Mpanda, kama kilometa 210, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi yaliyochimbwa hapa. Machimbo yalikufa, reli ikabaki, nayo imewasaidia watu kuliko ilivyopata kuyasaidia madini. Mtu aendaye Kigoma kwa reli hulipa ziwa kisogo kwanza: huenda kaskazini na mashariki hata Kaliua, hungoja treni itokayo Tabora, ndipo ageuke magharibi. Siyo njia ya mwenye haraka. Ni njia ya mwenye magunia, na ya mama mwenye watoto watatu, kwa maana ndani ya behewa mtoto aweza kulala. Treni haiji kila siku, na mvua kubwa imepata kuikata njia mara nyingi. Uliza stesheni kabla hujafunga mzigo.

Katika habari za ziwa hapana budi kuitaja Liemba. Meli hii iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa katika masanduku elfu kadhaa kwa bahari na kwa reli hata Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 ili isiangukie mikononi mwa adui, lakini mafundi wakaipaka mitambo mafuta mazito kwanza. Na meli ilipoinuliwa mwaka 1924, mitambo ilifaa kutumika. Mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa upande wa kusini. Kwa miaka mingi ilitoka Kigoma hata Mpulungu, Zambia, ikisimama mbele ya vijiji vingi visivyo na gati. Meli ilipopiga honi, mitumbwi na mashua zilitoka pwani kuikimbilia, mara nyingi usiku wa manane, na watu wakapanda na kushuka ubavuni mwake pamoja na kuku, mananasi na magunia ya dagaa. Uzee umeidai haki yake, nayo ikatolewa safarini kwa matengenezo makubwa. Kwa hiyo asiende mtu Ikola akakaa juu ya sanduku lake kwa kuwa babu yake aliipanda Liemba hapo. Apate habari kwanza bandarini kuwa ni meli ipi itembeayo, na siku gani.

Meli isipokuwapo, zilizobaki ni boti za mbao zenye mashine, na hapo ndipo uchaguzi unapokuwa jambo la uhai. Ziwa hili si bwawa. Kuanzia Mei hata Septemba upepo wa kusi huvuma kwa nguvu, tena hupata nafasi ndefu ya kukokota mawimbi toka kusini. Wakati wa mvua, dhoruba huja ghafula kutoka milimani, na mahali milima isimamapo wima majini hapana ufuko wa kukimbilia. Wasafiri wa zamani waliiogopa rasi ya Kabogo, na wapiga makasia walitoa sadaka ya shanga kabla ya kuipita. Sisi hatutoi shanga, lakini hofu yao haikuwa ya bure.

Tena si upepo tu uuao. Tarehe 20 Septemba 2018, katika Ziwa la Viktoria, kivuko Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, kimejaa watu kupita kiasi chake mara mbili na zaidi. Watu zaidi ya 220 wakafa, na pwani wakiiona. Mwezi wa Desemba 2014, katika ziwa letu hili, upande wa Kongo, meli Mutambala ilizama, wakafa watu zaidi ya 100. Mwenye boti akikuambia, "Ingia, nafasi ipo," tazama maji yamefika wapi ubavuni mwa boti, wala usitazame uso wake. Hesabu maboya. Uliza kama mashine ya pili ipo. Manahodha wenye busara huondoka alfajiri, kabla upepo haujaamka. Basi boti inayotaka kuondoka saa nane mchana mwezi wa Julai, hiyo iache iende.

Watu wa nchi nyingine nao wamo katika mashauri haya haya. Kaskazini ya Uingereza, katika nchi ya Scotland, kuna kisiwa kiitwacho Barra. Huko ndege hutua juu ya mchanga wa ufuko, na saa za kutua hupangwa kwa kufuata maji kupwa na kujaa. Mtu akiharakishwa na kazi hupanda ndege. Mwenye gari au mizigo hungoja meli. Na kisiwa kingine, St Kilda, kilikuwa mbali mno, hata wakati wa baridi mashua hazikuweza kufika. Mwaka 1930 watu 36 waliobaki waliomba wenyewe kuondolewa, wakafunga milango yao wakaenda. Mahali pasipofikiwa hukosa tabibu na mwalimu kwanza, kisha hukosa vijana.

Neno hilo la tabibu lanikumbusha Karema tena. Hapo aliishi Adriano Atiman, aliyetekwa akiwa mtoto huko Afrika ya Magharibi, akakombolewa na mapadre, akasomea utabibu Malta, akawatibu watu wa Karema hata alipokufa mwaka 1956. Siku hizi mgonjwa mzito wa pwani huelekezwa kupanda Mpanda. Kwake yeye sheria zote nilizozisema juu ya nauli na magunia hazina maana. La kupima ni moja tu, njia ipi isiyoweza kumsimamisha katikati. Masika, mara nyingine, boti ya alfajiri hata kijiji chenye barabara ngumu zaidi ni bora kuliko gari lililo mlangoni. Kiangazi mambo hugeuka, maana barabara ni kavu na kusi iko ziwani.

Mwanafunzi aendaye shule yu katika hali nyingine: siku yake yajulikana tangu mwezi uliopita, basi aweza kuondoka siku tatu mapema, na siku hizo tatu ni rahisi kuliko nauli ya haraka. Mfanyabiashara asiogope kungoja, ila ahesabu chakula na malazi yake ndani ya bei ya mzigo. Aendaye Mahale kutazama sokwe, akiwa na fedha, huruka kwa ndege ndogo mpaka kiwanja kilicho kandokando ya hifadhi, na hata yeye humalizia kwa boti.

Na aendaye Ikola au Karema bila gari lake mwenyewe na autazame mwezi. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao usiku wa giza; mbalamwezi ikijaa, samaki hawaifuati taa, nyavu huanikwa na kazi husimama. Malori ya kuchukua dagaa huteremka kuufuata uvuvi, na mtu wa Mpanda aliyepatana na dereva sokoni katika siku za giza hupata nafasi kwa bei ndogo, kwenda na kurudi. Katika juma la mwezi mpevu atasimama kituoni muda mrefu, na heri achukue mkeka.