Mkaguzi Hutazama Nini Katika Chumba cha Daktari wa Meno?

Mtu aumwaye na jino hana subira. Aliyekesha usiku kucha akishika shavu, asubuhi hutafuta mlango wa kwanza wenye picha ya jino, naye huketi kitini bila kuuliza neno. Ndiyo sababu sheria huuliza kwa niaba yake. Katika Nakuru, kama mahali pengine pote katika Kenya, haifai chumba cha kutibia meno kufanya kazi pasipo leseni, na wakaguzi wana haki ya kuingia na kuangalia. Yafaa watu wajue wakaguzi hao hutazama nini, maana mengine hata mgonjwa mwenyewe aweza kuyatazama.

Jambo la kwanza ni watu wafanyao kazi. Sheria ya Madaktari na Madaktari wa Meno, iliyoanza kutumika mwaka 1978, iliweka daftari la wale walioruhusiwa kutibu. Daftari hilo hutunzwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, lililoitwa Bodi hadi mwaka 2019. Jina likiisha kuandikwa, bado leseni ya kazi hutolewa upya kila mwaka, na mahali pa kutibia pana leseni yake, mbali na ile ya daktari. Tena si kila avaaye koti jeupe ni daktari. Fundi wa meno ya bandia hakufundishwa kung'oa jino, wala msaidizi apangaye vyombo hakufundishwa kudunga sindano ya ganzi.

Jambo la pili, nalo ndilo kubwa, ni usafi wa vyombo. Koleo, vioo na ncha za keekee huingia kinywani na kutoka na damu. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa juu ya kitu kikavu kwa siku saba na bado vikaambukiza, wala jicho haliwezi kuviona. Koleo laweza kung'aa kama fedha na bado likachukua ugonjwa wa mtu aliyetibiwa jana.

Wako wadhanio ya kuwa kuchemsha vyombo katika sufuria kwatosha. Katika Nakuru fikira hiyo ina hatari kuliko hata pwani. Mji huu uko meta 1,850 hivi juu ya bahari, na kadiri nchi inavyoinuka mzigo wa hewa hupungua, maji yakachemka upesi kabla hayajapata joto kamili. Mombasa maji huchemka kwa digrii 100. Nakuru huchemka kwa digrii 94 hivi, na moto ukizidishwa hayapati joto zaidi, ila hugeuka mvuke tu. Hata hizo digrii 100 haziwaui vijidudu wanaojifungia katika ganda gumu kama mbegu.

Kwa sababu hiyo hutumiwa mtambo wa mvuke, ulio kama sufuria iliyofungwa barabara hata mvuke usipate njia ya kutoka. Ndani yake joto hupanda hadi digrii 121 kwa muda wa dakika 15 au zaidi, au digrii 134 kwa dakika 3 au zaidi. Kwanza vyombo huoshwa, kwa kuwa mvuke haupenyi vizuri damu iliyokauka. Kisha hutiwa katika mifuko maalumu, nayo haifunguliwi mpaka mgonjwa aketi.

Kuuona mtambo umesimama pembeni hakutoshi. Lazima liwepo daftari lake: uliwashwa siku gani, joto lilifika wapi, kwa dakika ngapi, na nani aliyetia sahihi. Utepe ubadilikao rangi huonyesha tu ya kwamba mfuko ulipita motoni. Kipimo cha kweli ni kichupa chenye mbegu za vijidudu vigumu visivyodhuru watu: hutiwa ndani pamoja na vyombo, kisha huwekwa mahali pa vuguvugu. Zikiota, mtambo haukufanya kazi.

Yako na mengine. Sindano ya ganzi hutumiwa kwa mgonjwa mmoja tu, kisha hutupwa katika sanduku gumu. Mashine ya eksirei huhitaji idhini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2019. Dawa na hewa ya oksijeni lazima ziwe karibu, mgonjwa asije akazimia kitini.

Mwaka 2016 Serikali ilitangaza orodha moja ya ukaguzi wa mahali pa matibabu, ikajaribiwa kwanza katika Kakamega, Kilifi na Meru. Kila mahali hupewa alama. Alama zikiwa chache, muda wa kujirekebisha huwa mfupi, na palipo pabaya kabisa hufungwa.

Watu wa Bonde la Ufa wana sababu yao ya kuwa waangalifu. Maji ya visima vingi vya huku yana madini ya floraidi kupita kipimo cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 1.5 katika lita moja, na mtoto akiyanywa meno yake yanapoumbwa, huota yakiwa na rangi ya kahawia. Rangi hiyo imo ndani ya jino lenyewe, wala si uchafu. Mtu asiye na leseni aahidiye kuikwangua kwa bei rahisi huweza kuondoa ganda la jino, nalo halioti tena.

Basi mgonjwa na aitazame leseni ukutani, aone mwaka wake, kisha aombe mfuko wa vyombo ufunguliwe mbele ya macho yake. Kuuliza si ujinga, na daktari afanyaye kazi yake sawasawa hana sababu ya kuchukia kuulizwa.