Kubadilisha sailensa uani kwako

Sisi wa Tanga tunaijua chumvi ya bahari: hula chuma kutoka nje. Lakini sailensa huoza kwa ndani pia. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji, na kwa safari fupi za sokoni bomba halipati joto la kutosha kuyakausha maji hayo.

Kazi hii naifanya uani, injini ikiwa imepoa kabisa. Nikishanyanyua gari kwa jeki, nalikalisha juu ya stendi. Jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu aliye uvunguni. Nati za flanji huwa zimeshikwa na kutu, hivyo nazipulizia mafuta ya kulegeza usiku wa kuamkia kazi, kisha nazisugua kwa brashi ya waya. Inayogoma naikata kwa msumeno. Mipira inayoning'iniza sailensa hutoka kirahisi ikipakwa maji ya sabuni. Gasketi ya zamani hairudishwi. Nati nazikaza kwa zamu, kidogo kidogo, ili flanji zikae sawa.

Mwisho, washa injini mahali pa wazi na usogeze mkono karibu na maungio bila kugusa. Ukihisi upepo, zima, kaza tena. Moshi unaovuja una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Bomba likianza kunguruma, usingoje.