Gunia la mahindi hupimwa mpakani, dirisha la gesti je?

Mahindi yanayovuka mpaka Namanga au Busia yana kipimo chake. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu, yaani aflatoksini, isizidi sehemu 10 katika bilioni. Mzigo ukizidi hapo unazuiwa, na mwenye mzigo anajua kwa nini. Jioni mfanyabiashara huyo huyo huchukua chumba karibu na kituo cha forodha, na hapo ni nadra mtu kupima jambo moja linaloweza kuamua kama ataamka: je, moto ukiziba mlango, anaweza kutokea dirishani?

Swali hili linawahusu wasomaji wetu mara mbili. Wengi hulala katika vyumba hivyo kila wiki. Na wengine, biashara ikishakubali, huweka faida yao kwenye nyumba: hununua nyumba ya kawaida mjini, huigawa vyumba, kisha hupangisha au huifanya gesti.

Nyumba ya familia, vyumba kumi

Tunduma, Namanga, Busia, Malaba, Mutukula na Rusumo ni miji inayolaza wageni kila usiku. Baadhi ya nyumba zinazowalaza, ziitwe gesti upande wa Tanzania au lojing'i upande wa Kenya, hazikujengwa kwa kazi hiyo. Zilikuwa makazi ya familia moja. Sebule ikagawanywa mara mbili kwa tofali au mbao, stoo ikawa chumba, baraza likazibwa likawa mapokezi.

Kinachobadilika hapo si idadi ya vitanda peke yake. Nyumba ya familia huwa na mlango wa mbele na wa jikoni, na watu wake wanaijua hata gizani. Ikishagawanywa, kila mgeni hutegemea korido moja na mlango mmoja, na usiku mlango huo hufungwa kwa kufuli. Koridoni humo huingizwa pikipiki kwa kuogopa wezi, matangi yakiwa na petroli. Marobota ya mitumba huegemezwa ukutani. Mwisho wa korido pengine kuna jiko la gesi.

Moto ukianzia hapo, anayefungua mlango wa chumba anakutana na moshi, na katika moto wa nyumba moshi huua watu wengi kabla mwali haujawafikia. Njia iliyobaki ni dirisha. Na dirisha, mara nyingi, lina grili ya nondo iliyochomelewa moja kwa moja.

Tuliyokwisha kuyaona

Ukanda wetu unalijua somo hili. Machi 2001, bweni la Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos, Kenya, liliteketea usiku na wanafunzi 67 walikufa. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa Kenya mwaka 2008 unataka madirisha ya bweni yasiwe na grili na yafunguke kwa urahisi kuelekea nje.

Usiku wa kuamkia Agosti 31, 2023, jengo la Usindiso katikati ya Johannesburg liliungua na kuua watu zaidi ya 70. Lilikuwa jengo la ofisi zamani, baadaye likakatwakatwa ndani kwa vizuizi vya muda kuwa vyumba vya kulala. Miongoni mwa wakazi wake walikuwamo Watanzania na Wamalawi waliokwenda kutafuta riziki. Baadhi ya watu waliruka kutoka madirishani ili kujiokoa.

Bweni na jengo la mjini ni vitu viwili tofauti, lakini kosa ni lile lile: watu wengi wamewekwa ndani, njia za kutokea zimepunguzwa.

Dirisha la kutokea lina vipimo

Nchi zilizoandika kanuni za kugeuza nyumba kuwa makazi ya watu wengi hazisemi tu "dirisha liwe kubwa". Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza unataka nafasi inayobaki wazi dirisha likifunguliwa isipungue mita za mraba 0.33, na upana wala kimo visipungue sentimita 45. Ukingo wa chini wa nafasi hiyo usizidi sentimita 110 kutoka sakafuni, ili mtu aweze kupanda. Marekani, kanuni inayotumika sana kwa nyumba za kuishi inataka zaidi: mita za mraba 0.53, na ukingo wa chini usizidi kama sentimita 112.

Kwa asiye na futi mfukoni, dhiraa ya mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ni karibu sentimita 45. Nafasi ya dhiraa moja kwa dhiraa mbili inatimiza kipimo cha Uingereza.

Angalia neno "nafasi inayobaki wazi". Dirisha la alumini la kuteleza lenye upana wa mita 1.2 hufunguka nusu tu, kwa hiyo linahesabiwa sentimita 60. Na likiwa na grili isiyofunguka, linahesabiwa sifuri, hata liwe pana kama ukuta.

Kanuni hiyo ya Marekani haikatazi nondo. Inataka zifunguke kutoka ndani bila ufunguo, bila kifaa na bila nguvu za ziada. Kufuli yenye ufunguo uliotundikwa kwenye msumari haitoshi. Katika giza na moshi, msumari huo hauonekani.

Dirisha la kutokea pia lina mpaka wake. Linafaa chini na ghorofa ya kwanza. Juu ya hapo, mwongozo wa Uingereza haulitegemei tena. Zinahitajika ngazi zilizokingwa dhidi ya moto na moshi.

Na wezi?

Hoja ya wenye gesti ina uzito. Mgeni anayebeba fedha taslimu huuliza kwanza kama chumba kina nondo, na chumba kisicho nazo hakipati mteja. Hakuna sababu ya kumcheka: wizi ni wa mara kwa mara, moto ni wa nadra.

Lakini si lazima kuchagua kimoja. Fundi wa kuchomelea anaweza kukata sehemu ya grili kwa grenda, akaitia bawaba mbili na komeo la ndani. Ili mwizi asipitishe mkono kulifungua, komeo huzungukwa na kisanduku cha bati nene kilicho wazi upande wa ndani tu, kama tunavyoona kwenye mageti mengi ya nyumba. Nondo zinabaki, na mgeni anatoka.

Gharama ni ndogo zaidi kazi hii ikifanywa kabla ya kuta mpya kujengwa. Wakati huo ndio wa kuhakikisha pia kwamba hakuna chumba kinachobaki bila dirisha la nje. Kubadili matumizi ya nyumba kunahitaji kibali, cha kaunti upande wa Kenya na cha mamlaka za mipango miji Tanzania, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Tanzania lina mamlaka ya kukagua majengo. Anayejenga kwanza na kuomba baadaye huenda akalipa mara mbili.

Kabla ya kulipia chumba

Mgeni naye ana la kufanya. Fungua dirisha na usukume grili. Uliza nani analala na ufunguo wa mlango mkubwa. Hesabu milango kutoka chumbani hadi nje. Usirundike marobota mbele ya dirisha. Ukisikia moto, funga mlango wa chumba na ukae chini kabisa, kwa sababu moshi hupanda juu. Namba ya zimamoto Tanzania ni 114. Kenya na Uganda piga 999 au 112.

Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari ina vigezo vya pamoja vya kuzipa hoteli nyota. Vyumba wanavyolala wafanyabiashara wadogo ni vile visivyotafuta nyota, na kipimo cha pamoja cha dirisha la kutokea kingewafaa popote walipo kati ya Rusumo na Busia. Kabla hakijaandikwa, mteja anaweza kuanza. Mwenye gesti akiulizwa habari ya grili na wageni watano kwa wiki, atamwita fundi.