Maamuzi ya Halmashauri Yafike Nyumbani Mapema

Katika wilaya zetu mbili za Nachingwea na Ruangwa, bei ya korosho haihitaji mpiga mbiu. Mnada wa Chama Kikuu cha Ushirika RUNALI ukifungwa, bei ya juu na ya chini huwa zimekwisha kuenea vijijini kabla ya adhana ya Magharibi, na mzee asiyejua kusoma atakutajia zote mbili bila kukosea. Muulize mzee huyo huyo ni lini Baraza la Madiwani lilikaa na likaamua nini. Atakutazama kana kwamba umemuuliza habari za nchi ya mbali.

Sisi tuliopewa dhamana katika kamati ya msikiti tunakutana na jambo hili kila wiki, kwa kuwa waumini humwuliza katibu wa msikiti maswali ambayo yangepaswa kwenda kwa mtendaji wa kijiji. Huuliza juu ya ushuru mpya, kiwanja kilichopimwa, au fedha za zahanati. Mara nyingi uamuzi wanaouulizia umekwisha kupita, na muda wa kuusemea umekwisha pia.

Haki ya kujua haina utata. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa za matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaiwekea ofisi ya umma siku 30 za kumjibu aliyeomba. Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Namba 7 ya mwaka 1982, inaitaka halmashauri inapokusudia kutunga sheria ndogo iwatangazie wakazi kusudio lake na kupokea pingamizi zao kabla ya kupitisha. Neno zito hapo ni "kabla". Tangazo likibandikwa kwenye mlango wa ofisi wakati kaya nzima zimehamia mashambani kulinda mazao dhidi ya nguruwe na nyani, karatasi imetimiza sheria, lakini mkulima hajajua lolote.

Tuchukue mfano unaozigusa nyumba zetu moja kwa moja. Kila halmashauri inapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: sehemu nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Aprili 2023 Serikali iliisitisha ili kurekebisha utaratibu wake, na mwaka 2024 ikarejeshwa. Kwa tuliyoyaona sisi, habari ya kusitishwa ilienea kama moto wa kiangazi, na ile ya kurejeshwa ikaishia ofisini. Matokeo yake ni kwamba wapo mama zetu, wenye kuswali na kufunga, waliojiingiza katika mikopo ya kausha damu, wakalipa riba waliyofundishwa tangu chuoni kuiogopa, na huku fedha isiyo na riba iliyotengwa kwa jina lao ikiwangoja waombaji. Wengine wamechukuliwa vyombo vya ndani. Hatuwezi kuwahimiza watu waiache riba kila Ijumaa, kisha tusiwaambie kwamba dirisha la kuomba limefunguliwa na kwamba safari ya kikundi huanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Hapa pana kasoro yetu sote wanaume. Tangazo la msikitini baada ya swala husikiwa zaidi na wanaume, na wengi huliacha mlangoni pamoja na kandambili. Mke, binti na mama mzazi hawalipati. Tunamwomba kila baba anayesoma ukurasa huu alisimulie nyumbani wakati wa chakula, na kwa bibi asiyekifuata Kiswahili cha ofisini, alisimulie kwa Kimwera.

Jambo la pili ni ardhi. Ruangwa ina madini ya kinywe, Nachingwea ina nikeli katika eneo la Ntaka, na palipo na madini, mipaka ya mashamba huanza kuzungumzwa upya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 haiiruhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani mkutano wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Asiyekwenda mkutanoni ameiacha sauti yake nyumbani. Aidha, Sheria ya Madini inazitaka kampuni zikubaliane na halmashauri kila mwaka juu ya mpango wa kuisaidia jamii, na halmashauri inapaswa kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi hiyo. Basi kuuliza "mwaka huu mmekubaliana nini?" si ukorofi.

Wazee wa Nachingwea wanaujua uzito wa kuamuliwa mbali. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga. Mapori yakafyekwa kwa mitambo, reli ikajengwa, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Ulianzishwa London na ukafutiwa London. Mpaka leo lipo eneo liitwalo Farm 17, jina lililobaki kutokana na hesabu ya mashamba yale. Karanga zenyewe hazikutoka kama ilivyotarajiwa.

Msikiti nao uwe na mipaka. Mimbari si jukwaa la chama, na hatutaki diwani apewe kipaza sauti ajisifie. Wala katibu asisome kilichotumwa kwenye simu bila kukihakikisha. Sisi tuliosoma hadithi chuoni tulifundishwa kumchunguza msimulizi kabla ya kuipokea habari yake, na msimulizi wa habari za halmashauri ni muhtasari uliosainiwa au mtendaji mwenyewe. Inatosha kutaja vitu vichache: kikao kitakaa lini na wapi, kitajadili nini, maoni yapelekwe kwa nani, na mwisho wa kuyapokea ni lini. Dakika tatu baada ya swala, kisha karatasi ibandikwe pia upande wa akina mama.

Baraza la Madiwani hukaa kila robo ya mwaka na wananchi wanaruhusiwa kuingia kusikiliza. Tunapendekeza kila msikiti umteue kijana mmoja na mama mmoja wahudhurie kikao kijacho, wapewe nauli kutoka mfuko wa msikiti ikiwa kamati itaridhia, na waandike wanayoyasikia kwa lugha nyepesi. Wanapokwenda wabebe maswali mawili: dirisha la mikopo ya vikundi linafungwa tarehe ngapi, na je, ipo rasimu yoyote ya sheria ndogo inayosubiri maoni yetu?