Muundo wa Ripoti ya Patholojia na Istilahi za Saratani

Katika kazi ya istilahi tumezoea kulitazama neno moja moja: asili yake, maana yake, na kama linafaa kusanifiwa. Lakini istilahi haiishi peke yake. Huishi ndani ya hati, na hati nayo ina umbo lake. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi umbo la hati linavyoweza kuihifadhi maana au kuipoteza. Mfano wetu ni ripoti ya patholojia ya saratani.

Mtu anaposhukiwa kuwa na saratani, hukatwa kipande kidogo cha nyama, au uvimbe mzima huondolewa kwa upasuaji. Nyama hiyo hutiwa katika formalini ili isiharibike, kisha hupelekwa maabara, ambako hukatwa vipande vyembamba mno, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Mpatholojia huandika alichokiona, na maandishi hayo ndiyo ripoti. Madaktari wa upasuaji, wa mionzi na wa dawa huitegemea wote.

Nchini Tanzania ripoti hizi huandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili huingia baadaye: muuguzi anapomweleza mgonjwa, mfasiri anapotakiwa kuifasiri, au mtumishi wa serikali anaposhughulikia ombi la msaada wa matibabu. Hapo ndipo sisi wa lugha tunapohusika.

Tuseme mama mmoja wa Matamba, wilayani Makete katika Mkoa wa Njombe, ameondolewa uvimbe wa titi. Kutoka Matamba huteremka barabara ya kona nyingi hadi Chimala, ndipo aifikie njia kuu ya kwenda Mbeya au Makambako. Akihitaji mionzi, safari yaweza kumfikisha hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Bahasha aliyoishika ndiyo itakayomsemea mbele ya madaktari ambao hawajapata kumwona. Ikiwa imeacha jambo moja la lazima, maabara itaulizwa upya, siku zitapita, na huenda nauli ikalipwa mara ya pili.

Ripoti ziko za namna mbili. Ya kwanza ni ripoti ya masimulizi, ambayo mpatholojia huiandika kwa insha, kwa mpango anaoupenda mwenyewe. Mathalani: “Tumepokea uvimbe wa titi pamoja na tezi za kwapani. Uvimbe ni saratani iliyoanzia katika mifereji ya maziwa.” Sentensi hizi ni sahihi, wala hazina kosa la sarufi. Lakini je, tezi zile zina saratani? Huenda zilichunguzwa zikaonekana salama, huenda hazikuchunguzwa, au zilichunguzwa na mwandishi akasahau kutaja matokeo. Ukimya mmoja umebeba maana tatu, na kila maana yaweza kuleta tiba tofauti.

Namna ya pili ni ripoti ya vipengele. Kila jambo la lazima lina mstari wake na jibu lake. Huu ni mfano wa kubuni:

Aina ya saratani: ya mifereji ya maziwa, imepenya
Ukubwa wa uvimbe: milimita 28
Daraja: 2
Ukingo wa mkato: hauna saratani; umbali mdogo kabisa milimita 3
Tezi limfu: zilizochunguzwa 14; zenye saratani 0
Vipokezi vya homoni: havijachunguzwa

Tazama mstari wa mwisho. Katika masimulizi upungufu huo ungejificha. Hapa umetajwa wazi, na daktari ajua la kuagiza. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba ripoti za vipengele huacha mambo machache zaidi kuliko za masimulizi. Ndiyo sababu mwaka 2011 vyama vya wapatholojia vya Australia na Nyuzilandi, Kanada, Uingereza na Marekani vilianzisha ushirikiano wa kutunga orodha za vipengele zitakazotumika kimataifa.

Hata hivyo tusidhani kwamba muundo ni dawa ya kila kitu. Nyama iliyocheleweshwa kutiwa formalini haiponywi na fomu nzuri, wala mpatholojia hawezi kujaza habari ambazo aliyeleta nyama hakuziandika. Tena kesi ngumu huhitaji maelezo. Kwa hiyo nafasi ya maoni haina budi kubaki mwishoni.

Sasa tuziangalie istilahi zenyewe, maana kipengele kikifasiriwa vibaya muundo wote huanguka.

Daraja na hatua. Maneno haya mawili aghalabu huchanganywa. Daraja hueleza jinsi seli za saratani zilivyo tofauti na seli za kawaida. Kwa saratani ya matiti, mambo matatu hupewa alama 1 hadi 3 kila moja. Jumla ya 3 hadi 5 ni daraja la 1, 6 au 7 ni daraja la 2, na 8 au 9 ni daraja la 3. Hatua hueleza saratani imeenea kiasi gani mwilini. Mgonjwa aweza kuwa na saratani ya daraja la 3 iliyo bado katika hatua ya 1. Mfasiri akiandika “hatua ya 3”, amemwambia mtu habari nzito isiyo ya kweli.

Chanya na hasi. Katika lugha ya kila siku chanya ni jambo jema. Kwa tezi limfu, jibu chanya ni kwamba saratani imeingia. Kwa vipokezi vya homoni, ni kwamba dawa za kuzuia homoni huenda zikafaa. Tunapendekeza maneno haya yasitumiwe kwa tezi wala kwa ukingo. Isemwe wazi: “tezi 2 kati ya 14 zina saratani”.

Haikuonekana, haikuchunguzwa, haihusiki. Haya ni majibu matatu mbalimbali. Kistari kitupu kisitumiwe badala ya lolote kati yake.

Walimu wanaofundisha uandishi wa ripoti wanaweza kuutumia mfano huu darasani, kwani kanuni yake hufaa pia ripoti ya mavuno au ya ukaguzi wa shule. Wafasiri nao tunawaomba watuletee istilahi zinazotumiwa na wauguzi na wagonjwa mahali walipo, ili tuzipime pamoja kabla hazijasanifiwa. Mama wa Matamba ana haki ya kuelezwa habari za mwili wake kwa maneno yasiyokuwa na maana mbili.