Chuma Ndogo, Mwendo wa Mos Mos

Kanairo hakuna msee anahitaji kufunzwa kupimpi gari. Nganya mpya ikishuka barabara ya Rongai, watoi wa shule wanajua jina yake kabla haijafika steji. Grafiti hadi kwa bampa, taa za kila rangi, besi inatetemesha mbavu. Sasa skiza, kuna mbogi ingine huko duniani iko na huo wazimu wote, na chuma zao zinatoshea kwa kiganja. Hao hupimpi vichwa vya treni za modeli, zile ndogo za kukimbia kwa meza. Lakini wamegeuza sheria ya mtaa juu chini: nganya hupewa heshima ikipaa, hii chuma hupewa heshima ikitambaa.

Treni ya toi unaijua. Ukiwasha inatoka mbio, inafika kona, inaruka reli, stori imeisha. Sasa piga hesabu na mimi. Saizi inayopendwa sana inaitwa HO, kila kitu imepunguzwa mara 87. Treni ya ukweli ikichapa kilomita 100 kwa saa, modeli yake inafaa kusonga sentimita 32 hivi kwa sekunde. Ile ya ukweli ikiingia stesheni na kilomita 5 kwa saa, modeli inafaa kusonga sentimita moja na nusu hivi kwa sekunde, bila kukwama na bila taa kuzimika-zimika. Kufanya mota ikimbie, hata mtoi wa nasari ataweza. Kuifanya itambae ndio inatenga mafundi na watu wa maneno.

Wazee na madoh zao wako ndani

Ukidhani hii ni form ya watoi, cheki Rod Stewart. Huyo buda wa Uingereza aliyejaza mastedi dunia nzima alijenga jiji nzima ya HO kwa hao yake Los Angeles: majumba ya Marekani ya miaka ya 1940, urefu wa karibu mita 38, kazi ya zaidi ya miaka ishirini. Akiwa kwa tua alikuwa anaitisha rumu ya ziada hotelini aigeuze wakshop. Na bado mwenyewe alikubali kwamba mambo ya waya hajui, akaitia fundi. Kumbuka hiyo, tutairudia.

Neil Young naye, msanii wa gita wa kutoka Kanada, ako na mtoi anaitwa Ben, mwenye mtindio wa ubongo. Mbuyu akaanza kutengeneza rimoti spesho ndio kijana aweze kuendesha treni mwenyewe. Hiyo kazi ikampeleka hadi kwa Lionel, kampuni ya treni za modeli iliyoanza New York 1900, na mwaka wa 1995 akawa kwa kikundi ya wenye waliinunua. Huko Hamburg, Ujerumani, mabro wawili, Frederik na Gerrit Braun, walifungua Miniatur Wunderland 2001, na mpaka leo watalii wanapanga laini kuona vichwa vya HO vikipishana. Kwa hivyo msee akikucheka umeinamia kachuma kwa meza, mwambie hata wenye doh wanainama.

Fungua boneti kwanza

Hapa ndio wengi huchomea picha. Wakipata kichwa, kitu ya kwanza ni rangi na stika. Wacha hiyo. Shika bisibisi.

Huhitaji wakshop kubwa. Meza moja kwa keja, taa poa, treya ya kushika skrubu zisitoroke, na kipande ya sponji ya godoro. Chonga mfereji katikati ya hiyo sponji, laza kichwa ndani miguu juu, na hakuna kitu itavunjika. Kichwa ya dizeli ukiivua bodi utapata uzani wa chuma, mota imekaa katikati, na shafti mbili zinaenda mbele na nyuma kuzungusha gia zilizo juu ya magurudumu.

Kama umebuy mtumba, grisi ya zamani imeshakauka ikawa gundi. Itoe yote na mswaki mzee, kisha weka grisi mpya kidogo kwa gia na tone moja ya mafuta kwa kila mwisho wa ekseli. Ni mafuta ya kazi hiyo, yasiyokula plastiki. Ya kupika hapana, ya injini ya ndai hapana. Ukizidisha itamwagika hadi kwa reli, magurudumu yataanza kuteleza na stima itakataa kupita.

Na stima ndio kila kitu hapa, juu kichwa hakina betri. Kinanyonya stima kutoka kwa reli kupitia magurudumu. Uchafu kidogo tu na kinaanza kusitasita. Kwa hivyo pangusa kila gurudumu na pamba iliyoguswa isopropili alkoholi, alafu cheki vile vibati vya shaba vinavyogusa magurudumu kwa ndani. Kama kimoja kimepinda hewani, kirudishe polepole kiguse bila kukaba. Shika kalipa upime nafasi kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja: kwa HO inafaa kuwa karibu milimita 14.4. Ikiwa imebana au imeachana, kichwa kitaruka kila kwa makutano ya reli na wewe utakuwa unalaumu reli bure.

Kichwa ya stimu, ile ya mvuke, ni ngori zaidi. Zile fito za pembeni zinazounganisha magurudumu zinataka upande wa kulia na wa kushoto upishane nyuzi 90 kamili, na kila ekseli ifanane na mwenzake. Moja ikihama kidogo, kichwa kinachechemea. Hapo huwezi kuforsi na mota kubwa. Unatoa gurudumu, unapanga tena.

Ukimaliza, kiache kizunguke bila mabehewa, nusu saa mbele na nusu saa nyuma, gia zizoeane. Kisha ongeza uzani kama kinateleza: risasi au tangsteni, juu ya magurudumu yanayosukuma, isawazike mbele na nyuma. Kuna kipimo ya uzani unaotosha: ukikishika kisisonge, magurudumu yateleze kabla mota haijasimama. Mota ikisimama kwanza, umeibebesha sana na utaichoma.

Tia ubongo

Kitambo reli ilikuwa inapewa volti 12 za kawaida. Ukiongeza, vichwa vyote kwa reli vinakimbia pamoja, ukipunguza vyote vinalala. Siku hizi kuna DCC, mfumo uliotoka kwa kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na NMRA, chama ya wasee wa modeli Marekani, ikaufanya kuwa kiwango miaka ya 1990. Hapa stima inakaa kwa reli muda wote, na amri zinapita ndani yake. Kila kichwa kina dekoda, kibodi kidogo cha kusoma hizo amri, na namba yake. Ukiita namba 3, ni namba 3 pekee itaitika.

Waya za dekoda ziko na rangi zake, zishike kwa kichwa: nyekundu na nyeusi zinaenda kwa reli, rangi ya chungwa na ya kijivu zinaenda kwa mota, nyeupe ni taa ya mbele, manjano ni ya nyuma, na bluu ni ya pamoja ya mataa. Kabla upige solda, chukua mita upime kama mota imeguswa na bodi ya chuma mahali popote. Kama imegusana, itenge kwanza. Ukiwasha hivyo hivyo, dekoda itadedi hapo hapo, na moshi yake haina risiti. Taa za LED nazo ziwekee rezista, ya kilo-omu moja ni mwanzo poa.

Sasa ndio raha inaanza. Tabia ya kichwa inakaa kwa namba zinaitwa CV, na unaziandika wewe mwenyewe. CV1 ni anwani. CV2 ni nguvu ya kuanzia, ile inayofanya mota iamke bila kuruka. CV3 ni vile inachukua kasi, CV4 ni vile inapunguza. CV5 inafunga kasi ya mwisho, na CV6 inapanga katikati. Weka CV3 na CV4 juu kidogo na kichwa kitang'oka stesheni kikijikokota, ungedhani kinavuta tani elfu. Dekoda nzuri pia husikiza mota inavyozunguka na kuirekebisha yenyewe, ndio kichwa kisilegee kwa mlima. Ukiharibu hesabu, kampuni nyingi zimeweka njia ya kurudisha kila kitu mwanzo kupitia CV8. Soma karatasi yake.

Ukitaka sauti, kuna dekoda za sauti na spika ndogo ya milimita 11 kwa 15 inayojificha ndani ya bodi. Ifunge kwa kisanduku chake pande zote, la sivyo itatoa sauti ya mbu. Kapasita ndogo pembeni itashikilia stima kwa sekunde moja hivi kichwa kikipita mahali chafu, na sauti haitakatika.

Dekoda ya sauti inaweza kupita dola 100, sikudanganyi. Lakini mashine ya kutuma amri si lazima ukope sako. Kuna mradi wa bure unaitwa DCC-EX: bodi ya Arduino Mega, bodi ya kuendesha mota juu yake, programu ya bure, na simu yako inageuka kuwa usukani. Programu ya JMRI nayo, bure pia, inaandika CV kutoka kwa kompyuta bila kuumiza kichwa. Bodi za aina ya Arduino utapata kwa maduka ya elektroniki pale tao. Tembea Luthuli na uulize, wasee watakuonyesha.

Luku inakuja mwisho

Chuma ikitambaa fiti, sasa pimpi. Osha bodi na sabuni, kausha, piga andakoti nyembamba, kisha rangi nyembamba mara kadhaa. Koti moja nzito inaziba misumari na milango yote iliyochongwa. Maandishi ni stika za maji: unaloweka, unatelezesha, unafunika na vanishi. Fungua dirisha na uvae maski, hasa kama unaishi bedsita. Moshi ya solda na rangi haijui kama wewe ni chipukizi.

Alafu unachafua. Ndio, unachafua. Nganya huoshwa kila asubuhi, hii hupakwa uchafu kwa makusudi, na uchafu lazima uwe na akili. Masizi yanakaa juu penye moshi hutoka. Vumbi ya breki, rangi ya kutu, inakaa chini kwa magurudumu. Mafuta yanalowesha penye fundi hujaza tangi. Na kama kichwa chako ni cha laini ya Mombasa, basi chini kabisa kuna ile vumbi nyekundu ya Tsavo na Voi. Ipake kidogo, toa nusu, angalia tena.

Shule iko hapa hapa

Ukitaka mradi wa kukunyoosha, ingia makumbusho ya reli Nairobi, karibu na stesheni kuu. Imekuwa wazi tangu 1971. Ndani kuna Garratt za klasi 59, chuma za stimu zilizotengenezwa na Beyer Peacock pale Manchester miaka ya 1955 na 1956. Zilikuwa 34, zote na majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hapo utapata namba 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Kila moja ina urefu wa karibu mita 32 na uzani wa zaidi ya tani 250, na hakuna chuma ya stimu ya reli ya mita moja iliyowahi kuzizidi ukubwa.

Kwa HO urefu huo ni kati ya sentimita 36 na 37. Reli ya milimita 1000 ukiigawa kwa 87 inakuja karibu milimita 12, kwa hivyo utatumia reli ya HOm. Boila imening'inia katikati ya injini mbili, moja mbele na moja nyuma, zinazogeuka zenyewe kwa kona. Ukiweka mota mbili, zijaribu kila moja peke yake kwanza, juu zisipolingana mwendo, moja itasukuma na ingine itavutwa. Bodi unaweza kuchora kwa kompyuta na kuprinti 3D. Na kama wewe ni wa SGR, mambo ni rahisi: reli ya milimita 1435 kwa 87 ni 16.5, ile ile reli ya HO ya kawaida.

Lakini usianze na Garratt, hiyo ni ya baadaye. Buy kichwa kimoja cha dizeli cha mtumba, kinachowaka hata kama kinasitasita. Kifungue, kisafishe, kipe mafuta, kifanye kitambae sentimita moja na nusu kwa sekunde. Rod Stewart ako na doh ya kuitia fundi wa waya. Wewe huna, na hiyo ndio bahati yako, utajifunza mwenyewe. Rangi weka ukishamaliza hapo. Chuma inang'aa na inakwama ni pambo la kabati tu.